Sura ya Saba: Hoteli Haiuzi Dunge

Saa saba mchana, mwezi wa tisa, stendi ya Masasi. Basi la Mtwara limetushusha, la Tunduru linapakia, na makondakta wamenishika mkono kila mmoja upande wake kana kwamba wao ndio wanajua ninakokwenda. Nimejichomoa, nikaingia chini ya turubai la mama ntilie. Masasi ni mji uliozungukwa na milima ya mawe matupu, mikubwa, iliyochomoza ardhini ghafla bila kuaga, na wageni husimama kuipiga picha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye masufuria.

"Kuna wali maharage, wali samaki, wali nyama. Ugali nyama, ugali dagaa. Chipsi zinakuja."

"Na chakula cha hapa?"

"Cha hapa kipi tena, dada? Mpunga wenyewe wa huku huku."

"Nasema cha Kimakua, cha Kimakonde. Kile mnachokula nyumbani."

Alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Cha Kimakua unakula kwa Wamakua. Hapa hotelini."

Sisi Watanzania tuna namna yetu ya kulitumia neno hili. Hotelini ni mahali pa kula. Ukitaka kulala unaulizia gesti. Na hotelini kwa maana hiyo, hata kama ni benchi mbili na turubai, pana sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Sheria ya kwanza niliifahamu hapo hapo, huku wali wangu ukipakuliwa: hakuna anayetoa hela mfukoni kununua alichokula jana usiku kwao. Katika nyumba ambayo jioni kwa jioni kuna ugali wa muhogo na kisamvu, wali ni Idi, ni Krismasi, ni mgeni amekuja. Kwa hiyo mtu akipata shilingi zake akaja mjini, anajinunulia sikukuu ndogo ya dakika kumi na tano.

Na sikukuu ile ilikuwa nzuri, nisije nikaonekana nimekwenda kudharau. Maharage yaliungwa kwa tui zito lililoshikana na kijiko, mchicha haukuiva kupita kiasi, na pembeni palikuwa na pilipili iliyopondwa na ndimu ambayo ningeiweka kwenye chupa nikaondoka nayo. Mama yule alikuwa na mkono. Alipoona nimekomba sahani akaniongezea ukoko bila kuuliza, akasema pole pole, kama anayeomba radhi, "Ungekuja mwezi wa kumi na moja ungekuta vingi. Sasa hivi watu hawana hela."

Mwezi wa kumi na moja maana yake korosho. Kuanzia Oktoba, wilaya hizi za Masasi, Newala na Tandahimba hubadilika sura. Korosho zinapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinawekwa ghalani, zinauzwa kwa mnada, na malipo yakifika tu, mbuzi wanaanza kuwa na wasiwasi. Mama ntilie anaongeza pilau, anaongeza kuku, anaajiri binti wa pili. Msimu ukiharibika, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mwaka 2018, bei za mnada zilipogomewa, Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Wachumi waliandika mengi kuhusu mwaka ule. Sijaona aliyekwenda kuhesabu masufuria ya stendi.

Ningeondoka Masasi na wali wangu nikaamini nimeula mji, kama si binti mmoja aliyepita na beseni kichwani akielekea dirisha la basi la Tunduru. Ndani ya beseni palikuwa na vitu vyembamba, virefu, vya rangi ya udongo, vimelala kama mizizi iliyong'olewa sasa hivi. Ni mizizi kweli: ming'oko. Ni jamii ya viazi vikuu, lakini haijalimwa na mtu. Huchimbwa porini wakati wa kiangazi, na anayechimba lazima awe na subira kwa sababu mzizi umezama chini na hukatika ukivutwa kwa hasira. Huchemshwa kwa chumvi, ganda linamenywa kwa vidole. Utamu wake uko kati ya kiazi na njugu, na unabaki na ungaunga mdomoni unaokulazimisha utafute maji. Abiria walinunua wote, mpaka dereva. Hatua ishirini kutoka kwenye turubai la wali, chakula cha hapa kilikuwa kinauzwa na kinagombewa, ila hakikupewa kiti wala sahani. Kinaliwa kwa kusimama, kwenye karatasi, na mtu akimaliza anapangusa mikono kama hakula kitu.

Nilinunua fungu la pili, bichi, la kupeleka nyumbani. Huo ulikuwa mwanzo wa makosa yangu, nitayafikia.

Kutoka Masasi kwenda Newala gari linapanda. Unaiacha nchi ya milima ya mawe chini, unakata kona za ukingo wa uwanda, halafu ghafla unajikuta juu, kwenye tambarare ya mchanga mwekundu na mikorosho isiyokwisha. Huu ndio uwanda wa Makonde. Pembeni mwa mji pana mahali panaitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika na bonde linafunguka chini mpaka macho yanachoka. Uzuri wa pale si wa kubishana. Lakini mtu wa Newala ukimuuliza kuhusu lile bonde, ana uwezekano mkubwa wa kukuambia habari nyingine: kule chini ndiko yalikokuwa maji.

Uwanda huu haushiki maji. Mvua inanyesha, mchanga unainywa, na maji yanatokeza chini kabisa, miguuni mwa ukingo. Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipokaa Newala mwaka 1906 alikuta wanawake wakishuka na kupanda ukingo ule na vyungu vichwani, akaandika kuhusu shida hiyo. Kwa nini basi watu walihamia juu? Kwa sababu chini palipita wavamizi na wafanyabiashara ya watumwa. Kiu ilikuwa nafuu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni, na mradi wa maji Makonde umekuwapo tangu hapo, ukikarabatiwa na kutanuliwa, huku nyumba nyingi zikiwa bado na visima vyao vya saruji vya kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Nayaeleza haya katika kitabu cha chakula kwa sababu nilikaa siku nne kwa mama wa rafiki yangu, nyuma kidogo ya mji, na nilichojifunza jikoni kwake kinaanza na kikombe cha maji. Siku ya kwanza nilinawa mikono kwa jagi kama nilivyozoea Dar es Salaam, nikimimina. Hakusema neno. Siku ya pili yeye ndiye aliyenimiminia.

Ugali wa kwake ni wa makopa. Muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa juu ya bati au kwenye kichanja mpaka unakuwa mkavu kama chaki, kisha unatwangwa au kusagwa. Ugali wake ni mweupe, unavutika, unateleza, na mtu aliyelelewa kwa sembe anahitaji siku mbili kuuzoea. Siku ya tatu nilianza kuuona ugali wa mahindi kuwa una makeke.

"Kwa nini msiloweke?" nilimuuliza. Kwa shangazi yangu kule Tanga, muhogo mchungu huwa wanauvundika majini siku kadhaa.

Aliniangalia kama nimeuliza kwa nini hawapiki kwa maziwa. "Mwanangu, maji ya kuloweka muhogo ungeyapata wapi?"

Hapo ndipo mapishi yanapoacha kuwa starehe. Muhogo mchungu una kemikali inayoitwa linamarini, na chembe za mzizi zikipondeka, kimeng'enya kilichomo humo humo huivunja na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Ukiuloweka, kazi hiyo inafanyika sawasawa na sumu inaondoka. Ukiuanika bila kuuponda wala kuuloweka, hukauka kabla kazi haijaisha, kwa hiyo unga unabakiwa na kiasi. Mwaka wa kawaida, makopa yakikaa juani kwa majuma na kuhifadhiwa, na mlo ukiwa na maharage au samaki, watu wanakula miaka na mikaka bila tatizo. Mchungu una sifa zake pia: nguruwe mwitu na nyani wanaujua, na mwizi anaujua, kwa hiyo ndio unaokaa shamba la mbali. Mtamu, unaoliwa mbichi, hupandwa nyuma ya nyumba ambako mama anauona.

Mwaka mbaya ndio tatizo. Mwaka 1988, wakati wa ukame, familia kusini hukuhuku mwa Tanzania ziliugua baada ya kula muhogo. Watafiti waliokuja kuchunguza walikuta njia ya mkato iitwayo chinyanya: muhogo mbichi unapondwa, unaanikwa, unapondwa tena, unaanikwa tena, ili unga upatikane haraka. Nimekaa na habari hiyo muda mrefu. Tunapenda kusema mapishi mapya huzaliwa na udadisi, na bila shaka mengine ndivyo. Haya yalizaliwa na mtoto anayelia jioni na ghala lililokwisha.

Ng'ambo ya mto Ruvuma shida hiyo iliwahi kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, nchi ya Wamakua wenzao na hawa wa Masasi, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu katika ukame. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Kitabibu unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo. Mganga mmoja kijana aliyekuwa akifanya kazi jimboni humo, Msweden Hans Rosling, aliutumia ujana wake kuufuatilia, kabla dunia haijamjua kwa takwimu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana pia Mbinga na Mtwara.

Kinga iliyokuja kupatikana ni ya jikoni, na ndiyo maana naitaja hapa. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alipendekeza jambo jepesi mno: unga wa muhogo ulowanishwe kwa maji, utandazwe kwenye sinia au mkeka kwa tabaka jembamba, uachwe saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo upikwe ugali jioni hiyo hiyo. Unga ukilowa, kile kimeng'enya kinaamka na kumaliza kazi kiliyoiacha katikati, na sumu inapaa hewani. Haihitaji pipa la kuloweka, maji ni yale yale ambayo yangekwenda sufuriani kwa sehemu kubwa. Kwa uwanda usio na maji, ni vigumu kufikiria upishi uliokaa vizuri kuliko huo.

Siku ya tatu tulipika dunge.

Dunge ni korosho ikiwa changa, ya kijani, ganda bado halijakomaa. Lugha yetu imeutendea haki mti huu: mkorosho, mbibo, mkanju, tunda ni bibo au kanju, mbegu ni korosho, changa ni dunge. Kanju inafanana mno na caju ya Wareno, na si bahati mbaya, kwa sababu wao ndio walioutoa mti Brazili karne ya 16 na kuupanda Msumbiji na Goa. Ndiyo maana huko Goa, na Kerala, na Sri Lanka, utakuta watu wanapika korosho kwa tui kama mboga, wakati sisi tunaozivuna kwa maelfu ya tani tunazijua zaidi kwa jina la bei. Nyingi za korosho zetu zinapanda meli na maganda yake, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam.

"Mama, si mnapoteza hela?" nilimuuliza tulipokuwa tunachuma.

"Huu ni mti wa nyuma ya jiko. Hesabu yake haiko AMCOS."

Alinipa mafuta ya kula nijipake mikononi. Nilijipaka kidogo, kwa kuona aibu ya kumaliza mafuta yake, na hilo lilikuwa kosa. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Hayakuumi papo hapo, yanakusubiri ulale. Unapasua dunge kwa kisu kwa urefu, unachokonoa kiini cheupe, unakimenya ngozi yake nyembamba, unakiosha. Mimi nilipasua kama thelathini, yeye mia na ushee, na asubuhi yake ncha za vidole vyangu zilikuwa nyeusi na zimeanza kubabuka kama za mtu aliyeshika betri iliyovuja. Vyake vilikuwa salama. Alicheka, akasema sasa nimekuwa mwenyeji.

Viini vilichemshwa kwa chumvi mpaka vikalainika, maji yakabaki kidogo sana. Kitunguu, nyanya moja, halafu karanga zilizopondwa badala ya nazi, kwa sababu nazi lazima ipande kutoka pwani na karanga ziko ghalani. Hakuna binzari wala pilipili manga. Kilichotoka kina ulaini wa uyoga na utamu wa maziwa, na ukikila na ugali wa makopa, ule mtelezo ambao siku ya kwanza uliniudhi unaeleweka maana yake: ugali ule umetengenezewa mchuzi mzito. Nimekula hoteli zenye vitambaa mezani. Sijawahi kukaa kimya mezani kama siku ile.

Kuna sahani moja niliikataa na sitaki kuficha. Jirani alileta panya wa porini waliobanikwa na kukaushwa kwenye kijiti, kitoweo kinachosifiwa sana huku na chenye jina la heshima, samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Nilisema nimeshiba. Mwenyeji wangu aliwala mwenyewe taratibu, huku akinitazama bila hasira, na kwa kila mfupa aliouweka pembeni nilijiona mshamba zaidi.

Nikarudi Dar es Salaam na mfuko: ming'oko, unga wa makopa, kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, na daftari. Nilianza na ming'oko. Nikaitia kwenye sufuria kubwa, nikaifunika kwa maji mpaka juu, kama viazi, nikachemsha. Ilitoka imevimba, haina ladha, kama kamba iliyolowa. Watoto walikula mmoja mmoja kwa adabu, wakauliza kama kuna mkate.

Unga niliulowanisha, nikautandaza kwenye sinia juu ya ukuta wa uwani kwa saa mbili, nikiwafukuza kuku wa jirani. Ugali ulikubali mara ya tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa naukoroga kama sembe, na huu unataka utulie kwanza. Dunge hapa mjini sikuyapata, kwa hiyo nililaza korosho majini usiku kucha, nikazipika vile vile kwa kitunguu na nyanya na karanga. Hazikufanana. Korosho iliyokomaa ina ujeuri wake, haiachii utamu kwenye mchuzi. Lakini kisamvu nilichokiunga kwa korosho zilizosagwa kililiwa mpaka chungu kikapanguswa, na mwanangu wa pili, ambaye kisamvu hakigusi, aliuliza hii ni nini. Nikamwambia spinachi.

Jumapili nikampigia simu mama wa Newala kutoa taarifa. Alisikiliza yote. Nilipofika kwenye ming'oko akanikatiza.

"Maji ulitia kiasi gani?"

"Sufuria nzima."

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia akimwambia mtu pembeni yake, kwa Kimakonde, na watu wawili wakacheka. "Huko kwenu maji mengi," akaniambia. "Unatia kikombe kimoja, unafunika kwa majani, unaacha ijipike kwa mvuke mpaka maji yaishe na chumvi ishike ganda. Unaiogesha ya nini?"

Niliandika. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuaga, lakini naye alikuwa na lake.

"Sasa na wewe niambie. Hizi chipsi mayai, zinafanywaje? Wajukuu wakitoka mjini hawana wimbo mwingine."

Nikamweleza: unakaanga viazi, unapiga mayai na chumvi, unamwaga juu, unageuza kwa sahani.

"Viazi hapa bei," alisema. Nilimsikia akifikiri. "Nitatia muhogo."

"Upi, mama?"

"Mtamu, mwanangu. Wa nyuma ya nyumba. Mafuta kiasi gani?"